Barafu Huweka Wapi Kumbukumbu Yake?

Tarehe 22 Machi 2025, barafu ya bahari katika Aktiki ilifikia upeo wake wa mwaka: kilomita za mraba milioni 14.33. Tangu setilaiti zianze kuipima mfululizo mwishoni mwa 1978, hadi siku hiyo hakuna majira ya baridi yaliyokuwa yameishia na upeo mdogo kiasi hicho. Vichwa vya habari vikapiga yowe, na wengi wakakata shauri kwamba kiangazi kinachofuata kingeiacha bahari ya kaskazini karibu tupu. Ikafika Septemba 10, barafu ikagota kwenye kima chake cha chini, na hesabu ikasoma milioni 4.60. Mwaka ukashika nafasi ya kumi kutoka chini, bega kwa bega na 2008 na 2010.

Mwaka 2012 mambo yalikwenda kinyume. Upeo wa Machi ulikuwa milioni 15.24, mkubwa kuliko wa mwaka uliotangulia, na Bahari ya Bering ilikuwa imejaa barafu kupita kawaida. Miezi sita baadaye ilibaki milioni 3.4 tu, rekodi ambayo Septemba zote zilizofuata hazijaigusa.

Kwa hiyo anayetaka kujua Septemba itakuwaje hapati msaada mkubwa kwa kutazama Machi, na sababu yake ni ya kijiografia. Nyongeza na upungufu wa Machi hutokea pembezoni: Bahari ya Bering, Bahari ya Okhotsk kaskazini mwa Japani, pwani ya Labrador huko Kanada. Barafu ya sehemu hizo ni changa, imeganda miezi michache tu, na kufika katikati ya kiangazi itakuwa imeyeyuka yote, iwe ilikuwa nyingi au haba. Inayosalia Septemba ni ile ya katikati ya Aktiki. Na hiyo, mwezi Machi, haionyeshi tofauti yoyote kwenye ramani, kwa kuwa wakati huo katikati pameganda kila mahali, mwaka mzuri au mbaya. Tofauti imejificha chini, katika unene.

Mazungumzo ya hadhara juu ya barafu ya ncha za dunia yameng'ang'ania nambari moja, eneo la Septemba, kana kwamba utabiri ni kubahatisha nambari hiyo mapema. Naona swali lenye faida ni jingine: ni sehemu gani ya bahari na barafu inayotunza habari za msimu uliopita na kuzifikisha msimu ujao? Na je, tuna chombo cha kuisoma sehemu hiyo kwa wakati unaotakiwa? Ukilifuata swali hili, makosa mengi ya miaka 20 iliyopita yanaeleweka, hata yale yaliyowaaibisha wakubwa.

Tuanze na kile tunachokipima vizuri. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi karibu 1.8 chini ya sifuri. Barafu na maji vyote viwili hutoa mnururisho hafifu wa mikrowevu, na katika masafa yanayotumika barafu hutoa mwingi zaidi ijapokuwa ndiyo yenye baridi zaidi. Setilaiti yenye antena inayozunguka huunasa mnururisho huo usiku na mchana na kupitia mawingu, jambo la lazima mahali ambapo jua halichomozi kwa miezi. Nimbus-5 ya Desemba 1972 ilifungua njia, na ndiyo iliyolifichua lile eneo kubwa la maji wazi katikati ya barafu ya Bahari ya Weddell, Antaktika, lililojirudia kila majira ya baridi kuanzia 1974 hadi 1976. Nimbus-7 ilifuata Oktoba 1978, ikipima siku moja na kuruka nyingine, na kuanzia 1987 kazi ikashikwa na setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani.

Bahari hugawanywa katika miraba ya kilomita 25 kwa 25. Mraba ukiwa na barafu asilimia 15 au zaidi huhesabiwa wote. Ukipungua hapo hauhesabiwi hata kidogo. Msomaji ataona mara moja kwamba mraba uliobanana barafu tupu na mraba wenye mapande yaliyotawanyika hupata alama ile ile. Huo si uzembe. Kiangazi theluji iliyo juu ya barafu huyeyuka na kutuama madimbwi, na mikrowevu haioni kupita ngozi ya juu ya maji, hivyo dimbwi lililokaa juu ya barafu ya mita mbili huonekana kama bahari wazi. Ukijaribu kujumlisha barafu halisi ya kila mraba, madimbwi yatakupotosha vibaya mwezi Juni na Julai. Kizingiti cha asilimia 15 hupunguza kosa hilo. Ni hila ya watu walioujua udhaifu wa chombo chao, nami ninaiheshimu. Lakini ina gharama yake: upepo ukiyasukuma mapande yaliyotawanyika yakabanana, nambari hushuka bila barafu kuyeyuka, na ukiyatawanya, hupanda. Sehemu ya msisimko wa kila Agosti, pale watu wanapoufuatilia mstari wa grafu siku kwa siku, ni upepo tu.

Mashindano ya kutabiri nambari hiyo yalizaliwa na mshtuko. Septemba 2007 barafu ilishuka hadi milioni 4.2 hivi, zaidi ya milioni 1 chini ya rekodi ya 2005, na hakuna aliyekuwa ameona jambo hilo likija. Kuanzia 2008 vikundi vya utafiti vikakubaliana kuwasilisha makadirio ya Septemba kila Juni, Julai na Agosti ili yalinganishwe hadharani. Wengine hutumia modeli za kompyuta zinazounganisha anga, bahari na barafu, wengine takwimu za miaka iliyopita, na wachache hutegemea jicho la mtu aliyezizoea ramani hizi maisha yake yote.

Juni 2012 kadirio la kati lilikuwa karibu milioni 4.4 kwa wastani wa Septemba. Ukaja 3.6. Mwaka uliofuata, wakiwa bado na hofu, watabiri walishusha makadirio yao hadi karibu milioni 4, na Septemba 2013 ikawa na wastani wa zaidi ya 5.3. Wakakosea mara mbili mfululizo, kila mara upande wa pili. Julienne Stroeve na wenzake walipochambua makadirio ya 2008 hadi 2013 waliona jambo la kufedhehesha kidogo: mwaka ukifuata mwelekeo wa muda mrefu makadirio huwa mazuri, ukijitenga na mwelekeo, wote hukosea pamoja. Na hakuna aina ya mbinu iliyozishinda nyingine waziwazi, si modeli zenye kompyuta za mabilioni, si takwimu, si jicho.

Kosa la 2013 ndilo linalofundisha zaidi. Watabiri walikuwa bado wanaikumbuka Septemba 2012. Barafu ilikuwa imekwisha kuisahau.

Usahaulifu huo una utaratibu wake. Majira ya baridi hewa juu ya barafu hufika nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, huku maji yaliyo chini yake yakikaa kwenye 1.8. Barafu hukua kwa kadiri joto la bahari linavyopenya kwenda juu, na barafu nyembamba hupitisha joto upesi. Barafu ya nusu mita hunenepa haraka, ya mita tatu hukaribia kusimama. Kwa hiyo sehemu iliyobaki tupu Septemba hujirudishia mita moja na nusu hadi mbili kufikia Aprili, na tofauti kati ya mwaka mbaya na mwaka wa kawaida hufifia gizani. Steffen Tietsche na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Hamburg walilijaribu hili kikatili mwaka 2011: katika modeli yao waliiondoa barafu yote ya Aktiki tarehe 1 Julai, kisha wakaiacha dunia iendelee. Ndani ya miaka miwili hivi ilikuwa imerudi mahali ambapo hali ya hewa ya wakati huo ingeiweka hata isingeondolewa.

Ndiyo maana utabiri wa kuporomoka kwa ghafla haukutimia. Peter Wadhams wa Cambridge, mtu aliyepima unene wa barafu akiwa ndani ya nyambizi na kuijua kuliko wengi, alisema 2012 kwamba kufikia 2015 au 2016 Septemba ingekuwa haina barafu, yaani chini ya kilomita za mraba milioni 1, kipimo ambacho wanasayansi wamekubaliana nacho. Aliurefusha mstari wa miaka iliyotangulia. Mstari haukumtii. Kutoka 2007 hadi 2025 kima cha chini kimepanda na kushuka bila mteremko ulio wazi, na wapo wanaolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba kuyeyuka kumekwisha. Nao pia wanarefusha mstari mfupi. Miaka hiyo 19 ndiyo miaka 19 yenye barafu haba kuliko yote katika kumbukumbu za setilaiti. Ngazi imeshuka, na mtikisiko tunaouona ni wa juu ya ngazi hiyo mpya. Joto linaloletwa na hewa ukaa halijasimama kumsubiri mtu, ila kwa muongo mmoja au miwili mabadiliko ya asili ya anga na bahari yanaweza kuufunika mwelekeo.

Ikiwa majira ya baridi husahaulisha, kuna wakati barafu huanza kukumbuka tena. Theluji juu ya barafu hurudisha angani karibu sehemu nane kati ya kumi za mwanga wa jua; bahari wazi haifikishi hata moja. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, jua likiwa halitui tena, madimbwi ya kwanza hutokea. Dimbwi ni jeusi kuliko theluji, hunyonya mwanga, huyeyusha zaidi, hupanuka. Kuanzia hapo tofauti ndogo iliyopo hukuzwa. Mahali palipoanza na barafu nyembamba hutoboka mapema, maji meusi hunyonya joto, na jirani yake huyeyuka naye. David Schröder na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha mwaka 2014 kwamba ukiyajua madimbwi ya Mei unaijua Septemba kwa kiasi cha kushangaza.

Mitch Bushuk na kundi lake kwenye maabara ya Princeton wameyaunganisha mambo haya kuwa maelezo ya kizuizi cha majira ya kuchipua. Utabiri ulioanzishwa kabla ya Mei hauna nguvu, kwa kuwa pepo za majira ya baridi bado zinaisukuma barafu huku na huku na ukuaji bado unafuta tofauti. Ulioanzishwa baada ya kuyeyuka kuanza hupata nguvu ghafla, kwa kuwa sasa fizikia yenyewe inaikuza habari iliyopo badala ya kuifuta. Tatizo la Aprili, basi, halitibiwi kwa kununua kompyuta kubwa zaidi. Aprili habari zenyewe hazijatulia.

Kizuizi cha namna hii si kigeni kwetu wa Afrika Mashariki. Wanaofuatilia taarifa za msimu zinazotolewa na ICPAC huko Nairobi wanajua kwamba vuli hutabirika kuliko masika. Vuli imefungamana na joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi, ambalo kufikia Agosti limekwisha kujipambanua. Masika haina mhimili kama huo. Na El Niño yenyewe ina kizuizi chake, utabiri unaovuka Machi hadi Mei hupoteza nguvu. Taratibu ni tofauti kabisa, lakini anayelaumu mamlaka ya hali ya hewa kwa masika na kuisifu kwa vuli angefaa kujua kwamba wataalamu ni wale wale.

Bahari nayo ina kumbukumbu yake, iliyo mbali na unene. Ed Blanchard-Wrigglesworth na wenzake walieleza mwaka 2011 jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika taaluma hii. Ukingo wa barafu ukirudi nyuma mapema majira ya kuchipua, maji yaliyofunuliwa hupata joto. Kiangazi ukingo huondoka hapo, ukaenda mbali kaskazini, na ile tofauti ya mwanzo haionekani tena kwenye ramani yoyote. Vuli ya huko inapofika na ukingo kurejea mahali pale pale, unalikuta lile joto likingali majini, na kuganda hukawia. Habari ilizama, ikaibuka baada ya miezi.

Sasa, unene. Katikati ya miaka ya 1980 karibu theluthi moja ya barafu ya Machi ilikuwa imedumu zaidi ya miaka minne. Leo ni chini ya asilimia 5. Barafu kongwe ndiyo iliyobeba habari kutoka kiangazi kimoja hadi kingine, kwa hiyo kadiri inavyopungua, ndivyo kumbukumbu ya mfumo mzima inavyofupika na ndivyo hali ya mwaka huu inavyozidi kuamuliwa na mwaka huu. Hii ina maana kwamba mbinu za takwimu zilizofundishwa na miaka ya 1980 na 1990 zinazungumza juu ya barafu ambayo haipo.

Kuupima unene kutoka angani ni kazi ya roho ngumu. Barafu huelea, na takriban sehemu moja tu kati ya kumi iko juu ya maji. Setilaiti ya Ulaya, CryoSat-2, hupima kwa rada hiyo sehemu ya juu, kisha unene hukokotolewa. Ukikosea sentimita 1 juu, umekosea karibu sentimita 10 kwa jumla. Juu ya hapo kuna theluji, ambayo kwa uzito wake huididimiza barafu na kuivuruga rada. Ili kujua ina kina gani, watafiti walitegemea kwa miaka mingi wastani uliotokana na vituo vya Wasovieti vilivyoelea juu ya mapande makubwa ya barafu kati ya 1954 na 1991. Yaani unene wa barafu ya 2015 ulihesabiwa kwa theluji ya enzi za Khrushchev na Brezhnev, na kwenye barafu changa, ambayo haikuwa imeganda bado theluji ya mwanzo wa msimu ilipoanguka, wakaikata nusu. Ndilo bora walilokuwa nalo.

CryoSat ya kwanza haikufika angani. Roketi yake ilishindwa Oktoba 2005 na setilaiti ikatumbukia katika Bahari ya Aktiki, ile ile iliyotengenezwa kuichunguza. Ya pili ilirushwa Aprili 2010 na imefanya kazi kupita sana muda iliyokusudiwa. Ila ilikuwa na kilema kilichonisikitisha kila nilipokifikiria: madimbwi. Rada haikuweza kutofautisha dimbwi na ufa wa maji kati ya mapande, kwa hiyo vipimo vya unene vilikuwa vinakoma Aprili na kurudi Oktoba. Chombo kilifumba macho mwezi ule ule ambao barafu huanza kukumbuka.

Mwaka 2022 Jack Landy wa Tromsø, Norwei, na wenzake walichapisha njia ya kuifundisha kompyuta kutenganisha mwangwi wa dimbwi na wa ufa, wakapata unene wa mwaka mzima, kiangazi kikiwemo, kutoka kwenye data zilizokuwa zimelala tangu 2011. Kati ya hatua zote za utabiri wa barafu katika muongo huu, mimi naiweka hii mbele. Hakuna aliyejenga modeli mpya. Mtu alitoa habari mahali zilipokuwa zimekaa, akazifikisha Mei na Juni zinapohitajika.

Hata hivyo upo mpaka ambao unene hauuvuki. Upepo wa Julai na Agosti hauwezi kujulikana Mei, kwa kuwa anga hupoteza kumbukumbu yake ndani ya wiki mbili hivi. Lakini mpaka huo usitiwe chumvi. Mwanzoni mwa Agosti 2012 dhoruba kubwa ilipita katikati ya Aktiki, na kwa muda ikabebeshwa lawama za rekodi nzima. Jinlun Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliirudia Agosti ile katika modeli bila dhoruba, na rekodi ikavunjwa vilevile. Barafu ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kabla upepo haujavuma.

Akili bandia imeingia uwanjani, kama kila mahali. IceNet, iliyotengenezwa na wataalamu wa Antaktika wa Uingereza pamoja na Taasisi ya Alan Turing na kutangazwa 2021, hutabiri hadi miezi sita mbele kama mraba utakuwa na barafu au la, na katika utabiri wa kiangazi iliwazidi wapinzani wa kawaida. Naifurahia, kwa tahadhari. Mashine ya kujifunza hutaka mifano kwa maelfu, na Septemba tulizozipima hazifiki 50. Ili kupata mifano, IceNet ililishwa kwanza maelfu ya miaka ya kubuni kutoka kwenye modeli za tabianchi, ndipo ikaonyeshwa ile michache ya kweli. Imerithi, basi, imani za modeli hizo.

Na nambari ya Septemba inamfaa nani? Wayupik na Wainupiati wa mlango-bahari wa Bering huwinda walrasi, mnyama mkubwa wa jamii ya sili mwenye meno marefu, akiwa juu ya barafu inayosukumwa kaskazini majira ya kuchipua. Wao hutaka kujua barafu ya karibu na kijiji chao itakatika wiki gani na upepo utaipeleka wapi. Tangu 2010 kuna taarifa ya kila wiki inayoandaliwa kwa ajili yao, ikichanganya ramani za setilaiti, utabiri wa upepo na maneno ya wawindaji wenyewe waliotoka barafuni. Vivyo hivyo mabaharia. Novemba 2021 karibu meli 20 zilinaswa kwenye njia ya bahari ya kaskazini mwa Urusi baada ya maji kuganda mapema kuliko zilivyotarajia, zikasubiri meli za kuvunja barafu zije kuzikomboa. Jumla ya Aktiki nzima isingemwonya nahodha hata mmoja kati yao. Tarehe ya kuganda katika Bahari ya Laptev, ndiyo.

Kabla ya kuiacha Aktiki, jambo moja kwa wasomaji wa pwani. Barafu hii imekwisha kuelea, kwa hiyo ikiyeyuka haipandishi bahari pale Kivukoni wala Forodhani kwa kiasi cha kutajika. Kinachopandisha ni barafu ya nchi kavu, ya Greenland, Antaktika na milimani, pamoja na maji yanayotanuka kwa joto. Hayo mawili huchanganywa hata na watu wanaopaswa kujua.

Kusini ni habari nyingine. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi. Antaktika ni nchi iliyozungukwa na bahari, na barafu yake hutawanyika kuelekea nje bila pwani ya kuizuia. Kila mwaka hupanda kutoka karibu milioni 3 mwezi Februari hadi zaidi ya 18 mwezi Septemba, kisha karibu yote hutoweka. Barafu kongwe ni chache, kumbukumbu ya unene haba. Modeli zilitarajia ipungue, lakini yenyewe iliongezeka polepole hadi Septemba 2014 ilipovuka milioni 20 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za setilaiti. Mwishoni mwa 2016 ikaporomoka. Februari 2023 ilishuka hadi milioni 1.79, na Septemba ya mwaka huo upeo ukawa 16.96, karibu milioni 1 chini ya rekodi iliyokuwapo tangu 1986. Kwa wanaosoma grafu hizi kila siku, mstari wa 2023 ulikuwa unatembea peke yake mahali ambapo hakuna mwaka mwingine uliowahi kupita.

Ariaan Purich na Edward Doddridge wa Australia walipendekeza mwaka huo huo kwamba barafu ya kusini imeingia katika hali mpya, na wakaelekeza kidole kwenye joto lililojikusanya mita 100 hadi 200 chini ya uso. Nadhani wako sahihi kuhusu mahali pa kutazama, hata kama mjadala juu ya sababu utaendelea. Kumbukumbu ya Antaktika iko majini. Tatizo ni kwamba maji hayo ndiyo yasiyopimika kirahisi: maboya ya Argo huibuka kila siku kumi kutuma data, lakini chini ya barafu hayawezi kuibuka, hubidi yatunze vipimo mpaka yapate maji wazi. Vipimo vingine vya thamani kubwa huletwa na sili wakubwa waliobandikwa vihisi kichwani, wanaopiga mbizi kutafuta chakula na kurudi na joto na chumvi ya kila kina. Taaluma inayotegemea sili kiasi hicho ina haki ya kuomba fedha zaidi.

Ndiyo maana matukio ya 2025 huko Marekani yalinishtua kuliko rekodi yoyote. Mwishoni mwa Juni ilitangazwa kwamba data za setilaiti za jeshi, zile zilizoshika zamu tangu 1987, zingeacha kutolewa ndani ya siku chache. Tarehe ikasogezwa hadi mwisho wa Julai, kisha ikasemwa zitaendelea. Kituo cha data za theluji na barafu kilichoko Boulder, Colorado, kikahamia kwenye chombo cha Kijapani AMSR2, kilichorushwa 2012 kwa kazi ya miaka mitano. Japani ilikuwa imerusha mrithi wake, AMSR3, usiku wa kuamkia Juni 29 kwa saa zao, siku zile zile za kiwewe. Hapo palikuwa na bahati zaidi ya mpango.

Kupokezana zamu huko si jambo la karani. Ian Eisenman na wenzake walionyesha 2014 kwamba sehemu ya lile ongezeko la barafu ya Antaktika lililoripotiwa na kujadiliwa kwa miaka ilitokana na namna data zilivyounganishwa setilaiti moja ilipoipokea nyingine Desemba 1991, mruko mdogo katika hesabu ambao haukuwa na barafu ndani yake. Na mwaka 1987, Nimbus-7 ilipokabidhi kazi, vyombo viwili vilipima pamoja kwa wiki sita hivi tu, Julai na Agosti: wakati wa madimbwi kaskazini, bila hata siku moja ya kuganda kwa Aktiki au ya kuyeyuka kwa Antaktika ya kulinganishia. AMSR2 na AMSR3 zinahitaji kukaa pamoja angani mwaka mzima wa kila ncha, na ikiwezekana miwili.